Mstari Uliozidi

Kimo cha kila mstari kilikuwa pikseli thelathini na mbili, na mistari ilikuwa 10,000. Kwa hiyo jedwali zima, kutoka juu hadi chini, lilipaswa kuwa na urefu wa pikseli 320,000, si moja zaidi wala moja pungufu. Asubuhi ya tarehe kumi na moja Juni, Edjane Tavares alipolipima kabla ya kunywa kahawa, lilikuwa na 320,032.

Alipima tena. Alifunga kivinjari, akakifungua, akapima mara ya tatu. Kisha alishika kitelezi cha pembeni, akakivuta hadi chini kabisa, na huko, chini ya jina la mwisho, akaukuta mstari mmoja mtupu ambao hakuuweka yeye. Pale panapoandikwa jumla palisomeka kama siku zote: mistari 10,000.

Saa kumi na mbili na dakika kumi, nyuma yake, kibodi ya marehemu mumewe iligonga mara moja. Tak. Kibodi hiyo ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa tangu Agosti. Edjane aligeuka, hakuona mtu. Alipoirudia skrini, mstari mtupu ulikuwa umepanda hatua moja na kukaa mahali pa mstari wa 10,000, na jina lililokuwa hapo lilikuwa limetoweka. Jina hilo lilikuwa la mumewe. Sebuleni palinukia koti la ngozi lililoloa, na petroli kidogo.

Sebule hiyo ndiyo iliyokuwa ofisi yao, katika mtaa wa Bodocongó, jijini Campina Grande, ambako Juni huja na ukungu asubuhi na moshi wa kuni jioni. Meza zilikuwa tatu: ya Edjane, ya Josemar aliyeajiriwa miaka mitatu nyuma, na ya Genival. Kazi yao ilikuwa moja tu, kuunda jedwali ambalo makampuni hulipachika ndani ya programu zao za mtandaoni, jedwali linalopangwa, linalochujwa, linaloandikiwa kisanduku kwa kisanduku, na lisilochoka hata likibeba majina ya mji mzima.

Josemar aliingia saa moja, akipuliza viganja.

“Dada, umeamkaje? Mbona uso umekunjamana hivyo, kahawa imekwisha?”

“Josemar, jana uligusa data ya majaribio?”

“Mimi? Jana niliondoka saa kumi kamili kwenda kumnunulia mama mahindi. Uliza mtaa mzima, bado wananicheka nilivyolibeba gunia kichwani kama punda.”

“Kuna mstari umezidi.”

Alisogea, akatazama, akacheka kwa pua. “Ah, hicho ni kiunzi kilichosahauliwa. Ni lile lile kosa la Genival. Nimekuambia tangu Oktoba, dada, nipe dakika ishirini tu nilirekebishe—”

“Usiliguse.”

“Basi, basi. Siligusi.”

Kosa hilo lahitaji kuelezwa, kwa sababu ndilo lililokuwa mlango. Hakuna kivinjari kinachoweza kuchora mistari 10,000 kwa mkupuo bila kukwama. Mtunzi wa jedwali huchora thelathini tu, ile inayoonekana. Mmoja unapopita kwa juu na kutoonekana tena, kiunzi chake, yaani umbo tupu la mstari, huchukuliwa upesi, kikavuliwa jina, kikavishwa jina la mstari unaoingia kwa chini. Anayetazama hudhani watu elfu kumi wanapita mbele yake, kumbe ni viunzi thelathini vile vile vinavyobadilishana nguo. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya kazi hii ni kwamba kila kilichomo katika mstari kifungwe kwa namba ya mwenye mstari, kisifungwe kwa kiti alichokalia, yaani kile kiunzi. Kikifungwa kwa kiti, mwenyewe akiondoka, kitu chake hubaki pale pale kikimsubiri yeyote atakayekaa.

Genival alilijua hilo kuliko yeyote. Lakini Ijumaa ya mwisho ya Julai alikuwa na haraka, akafunga kwa kiti, akaacha ndani ya msimbo maneno mawili ya kujikumbusha: *Nitarekebisha Jumatatu.* Jumatatu hiyo, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, pikipiki yake ilikutana na lori ndani ya ukungu kwenye barabara ya Lagoa Seca. Edjane alimuuliza daktari kama mumewe aliumia kabla ya kufa. Alimuuliza askari wa barabarani. Alimuuliza hata dereva wa lori, aliyekuwa analia kuliko yeye. Hakuna aliyemjibu. Hakuruhusu mtu yeyote kugusa msimbo ule, kwa kuwa ilikuwa mistari ya mwisho ambayo mkono wa Genival uliandika.

Vilevile hakuruhusu mtu aguse data ya majaribio. Genival ndiye aliyekusanya yale majina 10,000. La kwanza aliliweka la Edjane, la pili la binti yao Tainá, aliyekuwa sasa na miaka tisa, na la mwisho kabisa lake mwenyewe. “Ukiliteremsha jedwali,” alikuwa akimwambia mkewe, “unaanza na wewe unaishia kwangu. Katikati, watu wapite tu.” Jedwali lilikuwa pia na safu ya maelezo, na humo ndimo walimoachiana vijibarua kila siku ya kazi: kahawa iko kwenye chupa, umesahau kupanga tarehe, mtoto ana mtihani. Vya Genival vyote vilianza kwa neno moja, *Edjane*, kana kwamba palikuwa na mwingine wa kumwandikia. Siku ya tatu baada ya mazishi Edjane aliificha safu hiyo. Ni jambo la kubofya mara moja. Jedwali hukumbuka kilichofichwa, na mwenye kuficha husahau.

Tarehe kumi Juni, Josemar alikuwa amezungumza kwa upole, macho chini.

“Dada, wateja wa Recife watalifungua jedwali mwezi ujao, na data hii hii ndiyo sampuli. Ule ushirika wa maduka ya dawa. Si vizuri jina la marehemu likachezewachezewa na watu wasiomjua. Sisemi kwa ubaya.”

Edjane aliona ni kweli. Alishuka mpaka mstari wa 10,000, akauchagua, akafuta. Chini ya skrini kilijitokeza kile kibandiko ambacho yeye mwenyewe ndiye aliyekibuni, cha kumhurumia aliyefuta kwa bahati mbaya: *Mstari mmoja umefutwa. Tendua?* Kibandiko hicho hudumu sekunde kumi, kisha hutoweka na kilichofutwa hakirudi. Edjane alivumilia mpaka ya tisa. Akabofya *Tendua*. Jina la Genival likarudi mahali pake, naye akainamisha kichwa juu ya meza akalia bila sauti ili mtoto asisikie.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa jana yake.

Tarehe kumi na mbili kibodi iligonga mara mbili, na majina mawili yakafutika. Tarehe kumi na tatu yalifutika manne, kumi na nne manane, kumi na tano kumi na sita. Daima saa ile ile, na daima kuelekea juu. Harufu ya koti lililoloa ilizidi kuwa karibu, na kiti cha Genival kilitoa ule mlio wake wa zamani, wa mtu mzito anayejiegemeza nyuma kufikiri. Edjane alikwisha kuacha kutafuta kosa. Alianza kuamka saa kumi na moja, akajipaka mafuta, akachana nywele, akaketi kusubiri.

Siku ya sita, tarehe kumi na sita, kibodi iligonga mara thelathini na mbili, na safari hii harufu ilikuwa imebadilika. Ngozi na petroli bado zilikuwepo, lakini chini yake palikuwa na harufu nyingine, ya maji ya kisima kilichofungwa miaka mingi. Visanduku vya majina havikubaki vitupu. Vitatu vya juu vilisomeka hivi, neno kwa neno, kutoka chini kwenda juu: *Edjane. Wangu. Nimerudi.*

Hakupiga kelele. Alipanda mpaka mstari wa kwanza, akabofya kisanduku kilichokuwa kando ya jina lake, akaandika swali alilolibeba miezi kumi: *Uliumia?*

Jibu lilikuja kesho yake, baada ya kibodi kugonga mara sitini na nne. *Niliumia. Naumia bado. Huku baridi. Niite.*

Edjane aliandika: *Njoo.*

Kuanzia siku hiyo Tainá alianza kulala kupita kiasi. Mama yake, mtu wa hesabu, aliandika idadi ya saa zake za usingizi pembeni mwa kalenda: tarehe kumi na saba, saa kumi; tarehe kumi na tisa, saa kumi na tatu; tarehe ishirini na moja, saa kumi na sita. Daktari wa zahanati alimpima akasema damu safi, mapafu safi, huenda ni huzuni, watoto huchelewa kuhuzunika. Tarehe ishirini na mbili mtoto alilala saa kumi na tisa, akaamka adhuhuri akiwa na midomo mikavu, akamtazama mama yake kama mtu anayetazama kutoka mbali.

“Mama, baba anasema nisogee.”

“Usogee wapi, mwanangu?”

“Nimpishe. Anasema kiti changu bado kina joto.”

“Umemjibuje?”

“Nimemwambia nitakuuliza kwanza.” Akafumba macho. “Ameniambia mama ameshakubali.”

Asubuhi ya tarehe ishirini na tatu, mkesha wa sikukuu ya Mtakatifu Yohana, Josemar aliwahi kazini kwa sababu mashimo ya mioto ya sikukuu yalikuwa yakichimbwa mtaani kwake na usingizi ulimkataa. Aliikuta kibodi iliyofunikwa ikigonga peke yake, kitambaa kikirukaruka juu ya vitufe, na Edjane ameketi mbele ya skrini, mikono mapajani, akitazama majina yakifutika kwa maelfu. Aliivuta waya ya umeme. Skrini ilizimika, kugonga hakukukoma. Alikimbia kwenye mashine yake mwenyewe, akalifuta faili la data, akalifuta na nakala yake. Faili likajirudisha, na jedwali likafunguka kwenye skrini yake pale pale lilipokuwa. Kibodi iliponyamaza, palibaki maneno manne juu ya mistari mitupu.

*Nipe mstari wa pili.*

“Dada,” Josemar alinong’ona. “Mstari wa pili ni wa nani?”

Alimtazama mtoto aliyelala kwenye kochi, blanketi limevutwa hadi kidevuni, kisha akachukua kalamu. “Siku ya kwanza moja. Ya pili mbili. Nne. Nane. Kila siku inajizidisha. Mpaka leo imepita mistari 8,191. Imefika wa 1,810. Kesho ina haki ya kupanda 8,192, na mbele yake imebaki 1,809 tu. Dada Edjane, hii haina kesho kutwa. Ulikuwa unajua?”

“Nilikuwa najua.”

“Tangu lini?”

“Tangu tarehe kumi na saba.” Sauti yake ilikuwa kavu. “Ni Genival, Josemar. Anaumia. Ningemfungia mlango vipi?”

Josemar aliuma mdomo, akachukua funguo za pikipiki, akazirudisha mezani kwa aibu alipokumbuka yuko mbele ya nani, akaenda kwa miguu. Alirudi na shangazi yake, Dona Lindalva, aliyekuwa muuza jibini mstaafu na mganga wa sala, mwanamke mfupi mwenye kikapu cha majani ya aruda, mmea wa kufukuzia uovu, na miwani iliyofungwa kwa uzi. Huku kwetu watu humwendea kabla ya daktari na baada ya daktari.

Aliketi kando ya Tainá, akampitishia majani kuanzia utosini hadi nyayoni huku akisali chinichini. Majani yalinyauka kabla hajafika magotini. Akachukua mengine, nayo yakanyauka. Akaweka kikapu chini.

“Haya, nionyesheni hicho kidude.”

Josemar alimweleza habari ya viunzi na nguo, na Edjane habari ya kufuta na kutendua. Alisikiliza akitikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za jirani anayemfahamu.

“Kwa hiyo mwenyewe akiondoka, kiti hubaki na vitu vyake. Na wewe, binti, ulimwondoa mumeo kitini, kisha ukamwita arudi.”

“Sekunde tisa tu, Dona Lindalva.”

“Sekunde tisa za mlango wazi. Unadhani huko nje alikuwa peke yake?” Alivua miwani, akaifuta kwa sketi. “Nikuulize. Mumeo alikuwa mtu wa kulalamikia baridi?”

Edjane alitikisa kichwa. “Alikuwa akioga maji ya baridi. Hata Julai.”

“Kwa kelele!” alisema Josemar. “Akiimba, tena vibaya.”

“Na alikuwa mtu wa kuchukua kitu cha mwanawe?”

Nje, mtu alikuwa anapasua kuni.

“Kipande cha mwisho cha keki ya mahindi,” Edjane alisema, “alikuwa anakificha nyuma ya sufuria ili amwekee. Mimi nikikitafuta, ananiambia amekula yeye.”

“Basi umejijibu. Hicho kinachopanda si yeye. Ni kitu kinachoegemea. Kimekuta mlango, kimekuta na nguo za mtu zikiwa bado na joto, kimezivaa. Mimi nitashika majani, lakini kufuta utafuta wewe. Uliufungua kwa kidole chako.”

“Na kama yeye pia yumo?”

Dona Lindalva hakumdanganya. “Kama yumo, atatoka nacho.”

Alasiri hiyo Edjane alifungua msimbo ambao hakuugusa kwa miezi kumi. Josemar alijitolea kumfanyia, alikataa. Alivunja kifungo cha kiti, akafunga kila kitu kwa namba ya mwenyewe, mstari kwa mstari, na kazi yote ilichukua dakika kumi na tisa. Mwishoni yalibaki yale maneno, *Nitarekebisha Jumatatu.* Yalimchukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe. Aliyafuta herufi moja moja, kutoka nyuma kwenda mbele. Mtaani mioto iliwashwa, fataki zikalia, watoto wa watu wakala mahindi ya kuchoma, na Tainá hakuamka.

Saa kumi na mbili na dakika kumi, asubuhi ya Mtakatifu Yohana, ukungu na moshi wa majivu vilikuwa kitu kimoja dirishani. Kibodi ilianza, na safari hii haikuwa kugongagonga bali mvua ya mawe juu ya bati, na mstari mtupu uliruka kutoka 1,810 kwenda juu, kisha ukakwama, kwa sababu kila kiti ulichokigusa sasa kilikuwa na mwenyewe, na kila mwenyewe alirudishiwa jina lake, na majina yalianza kuwaka upya kwenda chini, mia kwa mia, elfu kwa elfu, yakiusukuma ule mstari uliokuja bila namba, ukiteremka, ukiteremka, huku harufu ya kisima ikijaa chumbani hata Josemar akafunika pua na Dona Lindalva akapandisha sauti ya sala, mpaka ukagonga mwisho kabisa, mahali pekee ambapo uliwahi kuitwa, na hapo ukasimama, ukalivaa jina kamili, *Genival Tavares da Nóbrega*, kwa herufi zile zile alizoziandika mwenyewe.

Kisanduku cha pembeni kilianza kujiandika.

*Edjane usinifute mara ya pili.*

Alichagua mstari. Nyuma yake kiti cha Genival kililia ule mlio wa mtu anayejiegemeza.

*Naumia.*

Alifuta.

*Mstari mmoja umefutwa. Tendua?*

“Usikiguse,” alinong’ona Josemar.

“Mwache,” Dona Lindalva alimwambia Josemar.

Sekunde ya kwanza na ya pili hakupumua. Ya tatu, kibodi ilitupa kitambaa chake sakafuni. Ya nne, ya tano, akasikia pikipiki ikipunguza mwendo nje ya geti, kama ilivyokuwa ikipunguza kila jioni kwa miaka kumi na miwili, na ya sita akasikia sauti ndani ya chumba, karibu kabisa na shingo yake, sauti ambayo angeitambua katikati ya watu laki moja, ikimwambia kwamba neno liko pale pale, la kubofya tu, kwamba alishawahi kulibofya na hakuna mtu aliyekufa kwa hilo, kwamba mwanamke anayempenda mumewe hasubiri mpaka ya kumi. Na ya saba na ya nane alikuwa amekwisha kusogeza kishale juu ya lile neno bila kukusudia, mkono ukiwa mzito kama wa mtu mwingine, na ya tisa, ile ile ya safari iliyopita, Tainá aliguna usingizini, sauti ndogo, ya mtoto anayegeuka kitandani, na Edjane akauachia mkono uanguke magotini.

Kumi.

Kibandiko kilitoweka. Jumla ilibadilika: mistari 9,999. Alipima urefu; ulikuwa 319,968, kama unavyopaswa kuwa. Chumba kilinukia majani ya aruda tu, mabichi.

“Mama,” alisema Tainá kutoka kwenye kochi, “mmeacha keki yoyote au mmemaliza nyote?”

Josemar alicheka huku machozi yakimtoka, akakimbilia jikoni kama aliyeokolewa yeye.

Hadithi ingeweza kuishia hapo kama marekebisho yasingekuwa na tabia moja ambayo kila mtunzi wa jedwali anaijua: ukibadilisha namna mistari inavyofungwa, mipangilio yote ya zamani hupotea, na kilichofichwa hujifunua. Edjane alipolifungua jedwali mchana huo, safu ya maelezo ilikuwa wazi.

Kutoka mstari wa 1,810 hadi wa 9,969, katika visanduku 8,160, palikuwa na neno moja tu, limerudiwa bila kuchoka: *Tainá. Tainá. Tainá.* Aliteremka haraka apate kuona mwisho wake, na mwisho ulikuwepo, lakini haukuwa neno lile. Kutoka wa 9,970 hadi wa 9,999, ile mistari iliyofutika siku tano za kwanza, wakati harufu ilikuwa bado ya ngozi na petroli peke yake, kila kisanduku kilikuwa na neno lake. Alisoma kutoka chini kwenda juu, kama yalivyopanda.

*Ni mimi.* Hayo yalikuwa ya siku ya pili. *Ulipotendua, hukuniita peke yangu.* Ya tatu. *Nyuma yangu kimeingia kitu, nacho kinajifunza sauti yangu.* Ya nne. Na ya tano, ya mwisho: *Nifute tena, na safari hii usitendue. Mbusu Tainá. Sikuumia, Edjane, nilikuwa nawaza mstari wa kwanza, wako.*

Siku tano Genival alimwandikia mahali walipozoea kuandikiana, naye Edjane alikuwa ameketi mbele yake, nywele amechana, akimsubiri. Na safu ameificha kwa mkono wake.

Dona Lindalva aliagiza kila kilichoguswa kifutwe. Edjane aliyafuta yale maneno 8,160 visandukuni papo hapo. Yale maneno thelathini aliyanakili kwanza kwa kalamu nyuma ya karatasi ya kalenda, pale alipoandika saa za usingizi wa mtoto, kisha akayafuta nayo, na kila mara kibandiko kilipouliza, alihesabu mpaka kumi.

Wateja wa Recife waliandika mara mbili kuuliza kwa nini sampuli ina mistari 9,999.

“Niongeze jina moja tu, dada?” Josemar aliuliza. “La yeyote. La punda wa mahindi.”

“Hapana. Waambie hesabu ndiyo hiyo.”

Tainá aliikuta ile karatasi wiki mbili baadaye, akaisoma akiwa amesimama, midomo ikicheza.

“Mama, hii ni barua ya baba. Lakini haina jina la anayeandikiwa. Barua zake zote zilianza na jina lako.”

“Hii nayo ilianza nalo,” alisema Edjane. “Neno la siku ya kwanza lilikuwa kwenye mstari wake mwenyewe, ule nilioufuta.”